Kingamwili ya EPO kwa ajili ya maabara: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Tafuta kingamwili (protini inayoshika kitu kimoja mahususi) ya erithropoietini, yaani EPO, kwenye tovuti ya muuzaji yeyote wa vitendanishi, utaletewa kurasa kwa kurasa za bidhaa, na karibu kila moja ina picha nzuri. Wengi huchagua kwa bei. Mimi huzipanga kwa kuuliza sampuli ni ya nini, kwa sababu homoni hii inayoamuru mwili utengeneze chembe nyekundu za damu ni adimu hata pale inapotakiwa kuwepo. Mtu mzima mwenye afya huwa na takriban miliuniti 4 hadi 26 tu katika mililita moja ya damu. Figo nazo haziiweki akiba: seli chache zilizo baina ya mirija yake huitengeneza oksijeni ikipungua, kisha huimwaga moja kwa moja kwenye damu. Kingamwili iliyoona vizuri EPO ya dawa, iliyojaa tele kwenye kichupa, inaweza isione chochote kwenye sampuli ya mgonjwa.

Ya kwanza: seti kamili ya ELISA

Kama una plazma au serumu, tuseme ya watoto wenye upungufu wa damu kwa malaria au selimundu, usinunue kingamwili ya peke yake. Seti ya ELISA, kipimo cha kiasi cha protini kinachofanyika kwenye sahani yenye visima vidogo, hutumia mbili, moja ya kunasa na nyingine ya kutoa ishara, kwa hiyo protini ngeni ina kazi ya kuzidanganya zote. Kwa sampuli za binadamu naiweka mbele Quantikine IVD ya R&D Systems. Ni ghali, sikatai. Sahani ya visima 96, ukipima kila sampuli mara mbili na kuacha nafasi ya stendadi (sampuli za kiwango kinachojulikana), inakutosha sampuli 40 hivi. Piga hesabu hiyo kabla ya kuandika bajeti. Ukifanya kazi na panya, nunua seti ya panya. EPO yao inafanana na yetu kwa asilimia 80 hivi, na hiyo haitoshi kubahatisha.

Ya pili: monokloni ya sungura iliyotengenezwa kwa jeni

Monokloni ni kingamwili za aina moja tu, zinazoshika sehemu moja ya protini. Hii ndiyo ya bloti ya Western, ambapo protini hutenganishwa kwenye jeli kwa uzito, huhamishiwa kwenye utando, na kingamwili huonyesha yake kama mstari. Hutengenezwa kwenye seli kutokana na mfuatano wa jeni unaojulikana, kwa hiyo bechi ya mwakani inatarajiwa kuwa sawa na ya leo. Lakini usilipe kabla muuzaji hajakuonyesha moja kati ya mambo mawili: seli zilizoondolewa jeni ya EPO, ambazo mstari unapotea, au seli za Hep3B (za saratani ya ini) zilizokaa kwenye oksijeni ndogo, ambazo mstari unaongezeka.

Tazama pia mstari wenyewe umekaa wapi. Protini tupu, yenye asidi amino 165, ina uzito wa kilodaltoni 18 hivi. EPO halisi hubeba minyororo minne ya sukari inayofikia karibu asilimia 40 ya uzito wake, kwa hiyo kwenye jeli husimama karibu na 34 hadi 37, tena kwa mstari mnene wenye ukungu. Mstari mwembamba, mkali kama wembe, hunitia shaka. Dawa yake ni kimeng'enya cha PNGase F: kikikata sukari, mstari ushuke hadi karibu na 20. Usiposogea, ulichokiona si EPO.

Nasisitiza hili kwa sababu ya yaliyoikuta kingamwili ya kipokezi cha EPO, yaani protini ya seli inayoipokea EPO. Tafiti nyingi zilidai kuwa uvimbe wa saratani umejaa kipokezi hicho. Mwaka 2006 Steve Elliott na wenzake wa Amgen walionyesha katika jarida la Blood kwamba C-20, kingamwili iliyopendwa sana, ilikuwa ikishika pia protini nyingine, HSP70, na ndiyo iliyotoa mstari wa kilodaltoni 66. Ndiyo, Amgen inauza EPO na ilikuwa na maslahi yake katika mjadala huo. Mstari bado ulikuwa wa HSP70.

Ya tatu: AE7A5

Monokloni ya panya, inayotambua asidi amino 26 za mwanzo wa EPO ya binadamu. Ndiyo iliyobeba kipimo cha mkojo cha kukamata wanariadha, ambacho Françoise Lasne na Jacques de Ceaurriz walikitangaza katika Nature mwaka 2000. Wasomaji wa Kenya waliofuatilia kesi ya mwanariadha wa marathoni Rita Jeptoo ya mwaka 2014 wanajua uzito wa neno EPO. Ni nzuri kwa protini iliyokunjuliwa kwenye utando. Ila sifa yake isikupumbaze: maabara hizo husafisha sampuli, hutenganisha EPO kwa chaji au kwa jeli maalumu, na kwa miaka mingi zilifanya bloti mara mbili ili kuepuka mistari ya uongo. Kuimwagia supu ya tishu bila hatua hizo ni kupoteza pesa.

Ya nne: polikloni za sungura na mbuzi

Polikloni ni mchanganyiko wa kingamwili zinazoshika sehemu mbalimbali za protini moja. Zinafaa kuzuia kazi ya EPO kwenye seli hai au kuinasa kutoka kwenye kimiminika. Agiza isiyo na azidi ya sodiamu, maana azidi huua seli. Na usikimbize namba ya katalogi ya makala ya zamani: Santa Cruz Biotechnology iliacha biashara ya polikloni zake za sungura na mbuzi baada ya kukubali mwaka 2016 kulipa dola milioni 3.5 katika kesi ya utunzaji wa wanyama.

Ya mwisho: yoyote ya kupaka rangi kipande cha figo

Singenunua, kwa kuwa figo haziiweki EPO akiba. Tafuta RNA, nakala ya jeni ya EPO ndani ya seli; hata seli za figo zinazotengeneza EPO zilitambuliwa kwa njia hiyo, mwaka 1988.

Kuhusu usafirishaji, kwa maabara ya Mwanza au Bukavu ambayo boksi lake linaweza kulala forodhani, ningechagua kingamwili iliyokaushwa kuwa unga hata kama ile ya maji ina punguzo, kwa kuwa kwa kawaida unga husafiri bila barafu kavu. Ikifika, iyeyushe na uigawe kwenye vichupa vidogo, wala usiiweke kwenye friza inayojiyeyusha barafu yenyewe. Anza na ujazo mdogo kabisa. Kwenye proforma mtake wakala aandike namba ya bechi, na nani atalipa mzigo ukifika umepata joto.