TAHADHARI: Sarafu za Kirumi zilizolika zinazouzwa kama "dinari ya Kaisari" na "Konstantino Mkuu"

Kuna tangazo linalojirudia, na wanaoumia ni wanaonunua sarafu ya kale kwa mara ya kwanza. Picha ni moja na ina ukungu, sarafu imelika hadi sura haitambuliki, maelezo yanasema "miaka 2,000, adimu sana, ilikuwa ya marehemu babu". Bei ni dola 150 au 200, uzito haujaandikwa, na pesa unaambiwa utume kwa simu. Usitume. Muuzaji wa namna hii anajificha nyuma ya kule kulika. Ama sarafu ni feki iliyomiminwa kwenye kalibu, ama ni ya kweli lakini haizidi dola 10.

Hili la pili ndilo linalowala wengi. Umri peke yake haupandishi bei. Katika karne ya 4, karakana za serikali kuanzia Trier na Arles hadi Antiokia na Aleksandria ziligonga vijisarafu vya shaba kwa wingi mno, na vinafukuliwa hadi leo. Ukikuta cha milimita 15 hadi 18, gramu 1.5 hadi 2.5, geuza upande wa nyuma utazame umbo la picha hata kama maandishi yamefutika. Askari wawili wenye bendera za kikosi katikati yao ni aina iitwayo GLORIA EXERCITVS: bendera mbili ni za mwaka 330 hadi 335, bendera moja ni za baada ya hapo hadi 341 hivi. Mbwa mwitu jike anayenyonyesha watoto wawili ni wa mfululizo wa VRBS ROMA ulioanza 330. Anayekuuzia kama "sarafu ya kuasisiwa kwa Roma" anakudanganya kwa zaidi ya miaka elfu moja. Askari anayemchoma mkuki mpanda farasi anayeanguka ni FEL TEMP REPARATIO, kuanzia 348. Zote hizi, zikiwa zimelika lakini zinasomeka, kwa kawaida ni dola 3 hadi 10. Isiyosomeka kabisa haifiki hata dola 2.

Jina nalo lina ujanja wake. Kila chenye sura ya kijana mwenye shada kinaitwa "Konstantino Mkuu" kwa sababu jina linauza. Tafuta herufi za mwisho wa jina: -TINVS na -TIVS ni watu wawili. -TIVS mara nyingi ni Konstantio wa Pili, mwanawe, ambaye sarafu zake zimejaa kila mahali. Ukisoma CONSTANTINVS IVN NOB C, huyo ni Konstantino wa Pili, mwana mwingine, akiwa bado na cheo cha Kaisari, yaani mrithi, kabla hajawa Augusto, mtawala kamili.

Sasa "dinari ya Kaisari". Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua neno dinari, na wauzaji wanajua kwamba wanalijua. Sarafu inayohusishwa na kisa cha "ya Kaisari mpeni Kaisari" ni ya fedha, ya Kaisari Tiberio: upande wa kichwa TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS, nyuma PONTIF MAXIM na mwanamke aliyeketi. Upana ni milimita 18 hivi na uzito gramu 3.6 hadi 3.8, iliyolika sana inaweza kushuka kidogo. Ya kweli, hata ikiwa imelika, huuzwa mamia ya dola, ndiyo maana feki zake ni nyingi. Ya dola 40 yenye "cheti cha uhalisi" iacheni. Cheti hicho anakichapa yeye mwenyewe.

Kulika kwa kweli kunaanzia palipoinuka: shavu, nywele za juu ya sikio, bega, goti. Mabondeni, katikati ya herufi na kwenye mikunjo ya nguo, ukali hubaki. Iliyomiminwa huwa laini kote, juu na chini, utadhani imepakwa sabuni. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 uangalie vishimo vidogo vya mviringo, ambavyo ni viputo vya hewa. Kisha zungusha ukingo utafute mshono au mahali palipopigwa tupa kuuondoa. Na kipimo kinachowaumbua haraka kuliko vyote ni hiki: sarafu iligongwa kwa nyundo, moja moja, kwa hiyo hakuna mbili zenye ufa uleule, kovu lilelile na ukingo uliopinda sawasawa. Pekua matangazo mengine ya muuzaji huyohuyo. Ukiona pacha, zote mbili ni za kalibu.

Kwa fedha, mizani ya sonara ya gramu 0.01 inatosha kupima msongamano. Weka kikombe cha maji juu yake, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa chini wala pembeni. Gawanya uzito wake wa kawaida kwa namba unayoiona. Dinari ya gramu 3.70 ikionyesha 0.36, unapata 10.3, na fedha safi ni 10.5. Ikionyesha 0.51 unapata 7.3, yaani bati au zinki. Ikikaribia 0.42 inaweza kuwa shaba iliyovikwa fedha. Warumi wenyewe walighushi hivyo, na hizo ni za kale kweli ila bei yake iko chini. Viputo vya hewa vikiganda kwenye sarafu hesabu inaharibika, vitikise kwanza.

Kwenye sesterti, zile sarafu kubwa za shaba za milimita 32 hadi 35, jihadhari na zilizochongwa upya. Herufi kali huku nywele zimefutika, na uwanja uliokwanguliwa ukabaki na mikwaruzo sambamba, maana yake kuna mtu aliyetumia patasi. Na anayekuuzia sesterti ya Otho anakuuzia feki bila shaka: Otho alitawala miezi mitatu tu mwaka 69, na karakana ya Roma haikugonga shaba yenye sura yake.

Mafungu ya "hazijasafishwa, moja kwa moja kutoka shambani" yameshachambuliwa kabla hayajakufikia. Zilizo nzuri zimetolewa, zilizobaki zimelowanishwa ili zipendeze kwenye picha. Udongo mwingine umegandishwa kwa gundi. Asetoni inauyeyusha, na pia inaondoa rangi ya kijani ya kupaka. Ukikuta unga wa kijani mpauko unaopukutika ukiugusa kwa ncha ya sindano, hiyo ni kutu ya kloridi, na kwenye unyevu wa Mombasa, Unguja au Muscat itaendelea kuila sarafu. Itenge, iloweke kwenye maji yaliyokenekwa ukiyabadilisha mara kwa mara, ikaushe kabisa.

Kabla ya kulipa, omba uzito kwa gramu, upana kwa milimita, picha ya pande zote mbili ikiwa kavu, picha ya ukingo, na namba yake ya katalogi. Namba hiyo ihakikishe kwenye OCRE, katalogi ya bure ya American Numismatic Society. Uliza pia historia ya umiliki, na karatasi zake uzikague. Sarafu ya dhahabu ya Bruto, inayoadhimisha mauaji ya Julio Kaisari, iliuzwa London mwaka 2020 kwa zaidi ya pauni milioni 3 ikiwa na historia ya kughushi, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki. Uturuki na Misri zinakataza kabisa kutoa vitu vya kale nchini.

Kama umeshalipa: usiisafishe wala kuisugua, kwa sababu atasema wewe ndiye uliyeiharibu. Ipime na kuipiga picha siku ileile ilipofika, pamoja na bahasha. Hifadhi tangazo lote kabla hajalifuta. Kama ulilipa kwa kadi, fungua malalamiko benki mara moja. Kama ulituma kwa simu, ipigie kampuni ya mtandao saa hiyohiyo, kwani akishatoa pesa kwa wakala ni vigumu sana kurejeshwa.