Mbaazi zipo, nazi haipo

Jina la mgahawa naliacha. Nimekula chumvi yao miaka mingi, na mzee anayekaa kwenye droo ya pesa aliwahi kunikopesha chai na mahamri mwezi mzima nilipokuwa natafuta kazi. Itoshe kusema uko Mji wa Kale, Mombasa, kwenye vile vichochoro ambamo tuktuk mbili zikikutana moja lazima irudi nyuma.

Nilihamia Nairobi, na kwa miaka sita kila nikila mbaazi za huko nilikuwa nasema "ngojeni niende kwetu". Mwezi uliopita nikapata likizo. Nikapanda treni ya usiku, nikashuka Miritini kabla ya adhana ya alfajiri, nikaweka begi kwa shangazi, na saa moja asubuhi nikawa mlangoni nina njaa ya miaka sita.

Zamani ulijua umefika kabla hujauona mlango, kwa kusikia mbuzi ya kukunia nazi. Uani kulikuwa na akina mama wawili wamekaa wanakuna nazi, kwaru kwaru, na kifumbu cha kukamulia tui kimening'inia msumarini. Mbaazi zilirowekwa tangu jana yake, zikachemshwa kwa tui jepesi pamoja na kitunguu, bizari na pilipili mbichi mpaka punje ziwe zinapondeka kwa ulimi. Tui bubu, lile zito, lilitiwa mwisho, moto umepunguzwa, upawa hausimami, lisije likakatika. Ukichovya hamri kwenye mchuzi ule lilitoka limevaa koti.

Safari hii sikusikia mbuzi. Nikasema labda nimechelewa.

Ndani pamependeza, siwezi kusema uongo. Vigae vipya, feni zinazunguka, na ukutani picha kubwa ya Ngome ya Yesu, ilhali Ngome yenyewe ukitoka hapo kwa miguu hufiki dakika kumi. Kijana akaniletea kadi ya vyakula yenye baga na kuku wa kukaanga. Nikamwambia kadi aiweke, mimi nataka mbaazi za nazi, mahamri manne na chai ya maziwa.

Chai ilikuja ya kujichanganyia mwenyewe: maji moto, kijifuko cha majani, maziwa pembeni. Tangawizi hamna. Mahamri yalikuwa yamepashwa kwa maikrowevu. La kwanza likapita, lakini nilipofika la tatu nilikuwa natafuna ngozi ya ngoma. Iliki niliitafuta kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Na mbaazi zenyewe, jamani. Mchuzi umejitenga, maji chini na mafuta juu, na ladha yake ni ya unga wa pakiti, ile yenye kautamu kasikokuwa ka nazi. Punje nyingine zilinigomea kabisa.

Nikamuita yule kijana. "Ndugu yangu, nazi hii imekunwa leo?"

"Ni ya pakiti, bosi. Ndiyo safi zaidi."

Wakati wa kulipa nikamsalimia mzee kwenye droo. Alinikumbuka, akauliza habari za mama. Nikamwambia, "Ami, mbaazi zimebadilika." Akashusha sauti: nazi zimepanda, na akina mama wale mmoja amefariki na mwingine magoti yamemkataa, vijana hawataki kukalia mbuzi. Namuelewa, wallahi. Shilingi 280 pia sikuzilalamikia, kila kitu kimepanda. Kinachoniuma ni kwamba kadi bado imeandikwa "mbaazi za nazi" na chini yake "mapishi ya nyumbani". Wangeandika tu mbaazi, ningejua nimekaa kula nini.

Haki yao niwape: viazi vya karai bado ni vile vile. Nilirudi jioni makusudi kuvijaribu, rojo la nje jembamba, halijanyonya mafuta, na ile chatini ya ukwaju inakukunja uso kama zamani. Ukipita saa kumi, ingia ule viazi, unywe maji ya ndimu, uondoke. Asubuhi usiende. Kwa viazi peke yake nawapa nyota mbili kati ya tano.

Nilipomsimulia shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. "Wewe nawe! Si ungeuliza kwanza? Sisi huko tumeacha mwaka juzi." Akanielekeza kwa mama mmoja mtaa wa pili, anauzia kibarazani kwake, sufuria moja tu, ikiisha imeisha. Siku ya kwanza nilifika saa mbili nikakuta anasugua sufuria. Siku ya pili, saa moja na nusu, nikamkuta anampimia mtu wa mwisho. Siku ya tatu nilitoka mara tu baada ya swala, na bakuli langu mkononi maana yeye hana ya kugawa, na kabla sijakata kona nikasikia kwaru kwaru.