Miezi Mitatu Nikikodi Vitabu vya Anga Katikati ya Mji

Kibanda chenyewe ni kidogo, ghorofa ya pili kwenye jengo moja nyuma ya Mtaa wa Tom Mboya, Nairobi, kimebanwa kati ya fundi wa simu na fundi cherehani. Unaweka amana ya shilingi 500, halafu kila kitabu ni shilingi 100 kwa wiki. Ukichelewa, 20 kwa siku, na mwenye kibanda hasamehi hata kama mvua ilikufungia mtaani Umoja. Mwenyewe ni mtu wa bunilizi za kisayansi, mazimwi na komiki. Ukitaka vitabu vya kukufundisha kutajirika, atakuelekeza chini barabarani.

Siku ya kwanza nilimpa sharti moja: "Bosi, nipe kitabu ambacho mwanamke hauawi mapema ili mwanamume apate hasira ya kupigana." Akacheka akidhani natania, akanipa vitatu. Katika cha kwanza mke aliuawa ukurasa wa 9. Jalada la cha pili lilikuwa na msichana mwenye vitambaa viwili tu mwilini, kasimama kwenye sayari ya barafu, wanaume walio nyuma yake wamejifunika hadi pua. Ndani ya kitabu msichana huyo hayumo. Nilimtafuta hadi mwisho. Cha tatu sikukimaliza.

Si malalamiko mapya haya. Mwaka 1999 Gail Simone, shabiki wa komiki ambaye baadaye alikuja kuziandika mwenyewe, aliorodhesha wanawake wa komiki waliouawa, kulemazwa au kunyang'anywa nguvu zao. Orodha aliiita kwa jina la friji, kwa kuwa katika komiki moja ya 1994 shujaa anarudi nyumbani na kumkuta mpenzi wake amesokomezwa humo. Nilimsimulia mwenye kibanda. "Dada, hadithi lazima iwe na uchungu," akasema. Sawa, lakini mbona anayefariki ni mmoja na anayepewa uchungu ni mwingine?

Kinachonirudisha pale, kusema kweli, ni runinga yake ndogo iliyoning'inia juu ya rafu. Jumamosi huweka Star Trek ile ya zamani, tamthilia ya runinga ya safari za angani iliyoanza 1966. Mnamkumbuka Uhura, ofisa wa mawasiliano, yule dada mweusi wa gauni jekundu? Jina lake limetoka kwenye neno letu, uhuru. Siku moja tukawa tunatazama kipindi cha 1967 ambamo mtambo unafuta kumbukumbu zake zote na inabidi afundishwe kusoma upya kama mtoto wa chekechea. Akikwama, anatoa Kiswahili. Cherehani ya jirani ikanyamaza. Fundi akachungulia: "Huyo amesema nini?" Ikabidi irudishwe nyuma mara mbili. Na muuguzi anamwambia arudi kwenye Kiingereza! Fundi akatikisa kichwa: "Kumbe hata huko juu." Alinichekesha hadi nikasahau basi langu.

Lakini nikiwa nyumbani nilianza kukereka. Mama wa watu amepewa jina la uhuru, kisha kazi yake ikawa hasa kupokea na kuunganisha simu za wengine. Na jina la kwanza, Nyota, halikutamkwa kwenye skrini hadi filamu ya 2009. Miaka 43!

Mwezi wa tatu ndipo nilipopata dawa yangu: Binti, kitabu chembamba cha Nnedi Okorafor cha 2015. Msichana aitwaye Binti, wa jamii ya Wahimba wa Namibia, bingwa wa hesabu, anatoroka kwao usiku kwenda chuo kikuu kwenye sayari nyingine, amejipaka udongo wake mwekundu. Nilikisoma ndani ya matatu Jogoo Road, nikapitiliza kituo. Na hapa ndipo nina ugomvi na kibanda hiki: kurasa za mwisho zilikuwa zimenyofolewa. Hakuniambia.

Nilipomrudia, hakubisha, alinirudishia shilingi 100 papo hapo, kisha akajitolea kunisimulia mwisho. Kwa maelezo yake, Okwu, kiumbe wa kigeni aliyekuwa adui, ndiye aliyeongea na wakubwa wa chuo na kuzima vita. Nikamwamini. Wiki mbili baadaye nikaazima nakala kwa rafiki wa Buruburu. Binti ndiye anayesimama mbele ya maprofesa na kuwasihi wawarudishie watu wa Okwu kilichoibwa kwao. Binti mwenyewe! Mtu amekisoma kitabu chote, na kinywani mwake msichana akatoweka kwenye kazi aliyoifanya.

Kwa hiyo: chaguo la vitabu ni zuri, bei ni nzuri, geuza kurasa zote kabla hujalipa. Nilimwomba akikisimulia kwa mteja mwingine amwachie Binti maneno yake. Akajibu kwamba kusimulia ni bure, kukodi ndiko kuna bei, halafu akachukua biro na kuandika ndani ya jalada: "Mwisho hakuna. Anaongea yeye."