Msasa wa kununua kwa ncha nyembamba: tazama mgongo kabla ya namba

Mkerezaji, yaani anayechonga mbao inayozungushwa na mashine, anayelalamika kwamba ncha ya pambo lake imekatika, mara nyingi haikukatikia kwenye patasi. Imekatika wakati wa kupiga msasa, shina likiwa limebaki na unene wa milimita 3 hivi, na lawama zote zikaangukia mti. Mti hauna kosa. Kosa ni msasa ulionunuliwa kwa kutazama namba peke yake.

Namba zenyewe hazina maneno mengi (ikizidi kuwa kubwa, chembe ni ndogo zaidi): anza na P240, au P180 kama patasi imeacha michirizi, halafu P320, P400 na P600. Anayehitaji P80 kwenye ncha akanoe patasi kwanza.

Kinachosahaulika ni mgongo, yaani karatasi, kitambaa au wavu uliobeba chembe. Mgongo mgumu haushuki hadi chini ya bonde lililokerezwa. Unalalia matuta mawili ya pembeni na kuyasaga mpaka kingo zake kali zinakuwa butu, huku chini ya bonde michirizi iko palepale. Mkerezaji anaongeza nguvu ya kidole, shina linapinda, linatetemeka, linakatika. Tena mgongo mgumu ukikunjwa, gundi yake hupasuka na chembe huchomoka. Chembe moja ya P180 iliyobaki chini ya P400 huchora duara ambalo hulioni mpaka vanishi ipakwe.

Jaribu hapohapo dukani: zungushia kipande kwenye penseli, chembe zikiwa nje. Ukisikia kinaalika, kirudishe.

Nafasi ya kwanza naipa, bila kuzungukazunguka, Klingspor KL 361 JF ya Ujerumani. Ni kitambaa cha pamba chenye chembe za oksidi ya alumini, na hizo herufi JF maana yake ni kitambaa chepesi kinachonyumbulika. Kinaingia bondeni bila kusukumwa, na kikikunjwa mara mbili kinatoa ukingo mwembamba wa kufikia mfereji kati ya matuta. Kata vipande vya upana wa sentimita 2 na urefu usiozidi 10. Kitambaa hakichaniki kama karatasi, kwa hiyo usikizungushie kidole wala shina: kikinaswa kitaondoka na kidole. Kishike kwa ncha za vidole, upande wa chini wa kazi, mashine ikienda mizunguko 500 hadi 800 kwa dakika, na kidole cha mkono wa pili kilitegemeze shina kwa nyuma. Kereza sentimita chache za mwisho wa ncha, zipige msasa hadi P400, ndipo upunguze sehemu inayofuata. Ukimaliza kukereza ncha nzima kwanza, nyuma hakuna tena mti mnene wa kuishikilia.

Ya pili ni Abranet ya Mirka, kutoka Ufini. Ni wavu; vumbi hupita matunduni na hauzibi upesi. Kwenye bakuli ningeuweka wa kwanza. Kwenye ncha, ukingo wake uliokatwa kwa mkasi huchana matuta, na joto hufika kwenye kidole haraka.

Ya tatu ni msasa wa maji, P600 kwenda juu, ukilowekwa mafuta. Unafaa sana kwa mpingo, kwa sababu msuguano mkavu huupasha mti huo mpaka unapata nyufa ndogo. Lakini kama ncha ya mpingo inakaa juu ya mti mweupe, paka huo mweupe sanding sila (dawa ya kuziba vinyweleo vya mbao) kwanza, la sivyo vumbi jeusi litaingia kwenye vinyweleo na halitoki. Sila na nta paka kwa tishu inayochanika, kamwe si kwa kitambaa.

Karatasi ya kahawia ya bei rahisi na msasa wa sponji ni vya mbao bapa.

Sasa wauzaji. Wanakata mita moja kutoka kwenye roli, maandishi ya mgongoni yanaangukia kipande cha mteja mwingine, nawe unaambiwa tu "laini". Laini kiasi gani? Msasa wenye herufi P unafuata kipimo cha Ulaya. Usio na P huenda ni wa kipimo cha Marekani, na humo 400 ina chembe za wastani wa maikromita 23, wakati P400 ni 35. Ukizichanganya umeruka hatua nzima bila kujua, na michirizi inabaki. Halafu kuna pakiti mchanganyiko: nusu yake ni P60 na P80, na unazilipia zote. Zikatae. Omba mita moja ya P240, moja ya P320 na moja ya P400, na simama pale mpaka uone namba mgongoni mwa kila kipande.