TAHADHARI: Mbao "za dawa" zilizochovywa rangi ya kijani. Usikubali kukatiwa kipande cha kichwani

Habari zenu wajenzi wenzangu. Hii ni ndefu kidogo, lakini kama mwaka huu unapaua, isome kabla hujatoa hela.

Mimi ni mshonaji, najenga kidogo kidogo huko Chanika. Machi 2023 nilifikia hatua ya kupaua. Fundi aliniandikia mahitaji kwenye karatasi: mbao za inchi mbili kwa nne 140 za kenchi (fremu za paa), mbili kwa mbili 90 za papi (za kupigiliwa bati), zote futi 12. Chini yake akaandika "za dawa" (zilizotiwa dawa ya kuzuia wadudu) na kupigia mstari mara mbili. Hakuwa na haja ya kunieleza sababu. Nimekulia huku huku Pwani, na kabati la bibi yangu lilikuwa likiguswa linatoa unga.

Ghala nililokwenda liko barabarani, lina bango kubwa, wateja wamejaa. Jina silitaji kwa sababu suala bado liko mezani kwa serikali ya mtaa. Mbao nyeupe zimepangwa upande mmoja, za kijani upande wa pili. Za kijani zilizidi shilingi 3,000 kwa mbili kwa nne na 1,500 kwa mbili kwa mbili. Nikamuuliza muuzaji, nitajuaje kama dawa imeingia kweli? Swali alilipenda. Alichukua msumeno, akavuta mbao moja, akakata kipande cha upana wa vidole vitatu kutoka kichwani (mwisho wa mbao), akaniwekea kiganjani. Kijani mpaka katikati. "Dada yangu, hii ukipaulia leo, wajukuu wako wataikuta."

Nikalipa. Nyongeza peke yake ilikuwa 555,000, hapo sijahesabu bei yenyewe ya mbao.

Kile kipande ndicho kilichonimaliza, na ndicho kilichonifanya niandike. Mbao ni fungu la mirija midogo iliyolala kwa urefu, ile ile iliyokuwa inapandisha maji mti ulipokuwa hai. Mirija hiyo inafunguka kwenye vichwa viwili vya mbao. Ukiichovya kwenye maji ya rangi, kichwani rangi inanyonywa ndani sentimita kadhaa, lakini ubavuni inakomea juu juu, unene wa ukucha. Kwa hiyo mwenye nia mbaya akikukatia kichwani, utaona kijani tupu. Mwambie akate katikati ya urefu, futi ya sita, ndipo utakapoona ukweli. Mimi sikumwambia. Sikujua.

Tulihamia kabla hata ya kumaliza rangi, kama tunavyohamia wengi. Novemba 2024 mama alianza kulalamika kuwa chandarua chake kila asubuhi kina mchanga. Akikung'uta leo, kesho upo. Tukasema ni vumbi la bati. Baadaye akasema labda ni dumuzi, kwa sababu tulikuwa na gunia la mahindi stoo, na hakukosea sana maana dumuzi naye hutoboa mbao. Siku moja nikachukua ule mchanga, nikauweka kwenye karatasi nyeupe na kuupiga picha kwa simu nikivuta karibu. Haukuwa mchanga. Vilikuwa vipunje vya kahawia, vidogo kuliko mbegu ya mchicha, vyote vya umbo moja, vina pande sita kama penseli.

Yale ni mavi ya mchwa wa mbao kavu. Huyu si mchwa tuliyemzoea, yule anayepanda ukutani na njia yake ya udongo. Huyu hahitaji kugusa ardhi kabisa. Anaingia akiwa kumbikumbi kupitia ufa au tundu la msumari, anaishi humo humo ndani ya mbao, anakula polepole, na uchafu wake anausukuma nje kupitia kitundu usichokiona. Kuna mwingine, bungua, ambaye huacha unga laini kama wa ngano chini ya tundu la mviringo. Mkijua kutofautisha hivyo vitu vitatu, njia ya udongo, vipunje na unga, mtakuwa mmewazidi nusu ya hao wanaojiita mafundi wa dawa.

Fundi alitoboa dari la jipsamu, akapanda, akagonga papi kwa nyundo. Zingine zililia kama ngoma. Akashusha moja na kuikata katikati mbele yangu. Pembeni kulikuwa na mstari wa kijani mwembamba kama uzi wa cherehani, ndani nyeupe pee, na katikati ya weupe kuna vijumba kama vya sega la nyuki. Nikafuta ile rangi kwa kitambaa chenye maji. Kitambaa kikawa kijani, baada ya mwaka mmoja na miezi minane.

Nilirudi kwa muuzaji na kipande mkononi. Hakugomba, nitamtendea haki. Alinipa kiti na soda, akasema, "Pole sana dada, hao ni wadudu wa mahindi yako, mbao haina shida," kisha akajitolea kuniletea kijana wake wa dawa kwa bei ya punguzo. Nikiwa namsubiri apige simu, nilizunguka nyuma kutafuta choo. Huko nikakuta pipa la chuma limepasuliwa kwa urefu, limejaa maji ya kijani, na vijana wawili wanachovya mbao mbichi, wanazigeuza kama samaki kwenye kikaango, wanazitoa. Sikuhesabu hata dakika mbili kwa mbao.

Na bado nilimkubali yule kijana wa dawa. Hilo linaniuma kuliko mbao.

Alikuja na bomba la mgongoni na chupa ya plastiki isiyo na lebo, ya maji ya kunywa kabisa. Nikauliza ni dawa gani, akasema "kali, ya nje." Alipulizia darini dakika arobaini, harufu ikashuka mpaka jikoni, akachukua 180,000 na kusema tunaweza kulala humo humo usiku ule. Mama alikohoa siku nne. Baada ya wiki sita vipunje vikarudi kwenye chandarua. Sababu sasa naielewa: mchwa huyu yuko ndani ya mbao, na dawa ya kupulizia juu inakaa juu. Kumfikia ni mpaka utoboe mbao na kuingiza dawa kwenye vijumba vyake, au uitoe ile mbao, au nyumba nzima ifunikwe na kutiwa gesi na watu wenye kibali wakati ninyi mmehama. Viuatilifu nchini vinasajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, makao yake Arusha. Mtu akija na chupa isiyo na lebo, huna jina la kulitafuta huko wala la kumwambia daktari mtoto akizidiwa. Mrudishe mlangoni.

Msidhani upulizaji wa namna hii unaishia darini. Jirani yangu alilipia dawa ya mchwa kwenye msingi kabla ya kumwaga jamvi (zege la sakafu). Akapigiwa mabomba matatu ya lita 16. Nyumba yake ni mita za mraba 90 hivi, na kazi hiyo hutaka lita 4 mpaka 5 za mchanganyiko kwa kila mita ya mraba, maana yake si chini ya lita 360. Yeye alipata 48. Piga hesabu kabla fundi hajakunja bomba lake.

Sasa, mbao ya dawa ya kweli inatengenezwaje? Kwanza inakaushwa, maana mbao iliyojaa maji haina nafasi ya kupokea dawa kwa presha. Kisha zinaingizwa nyingi kwa pamoja kwenye tangi refu la chuma, mlango unafungwa, hewa inanyonywa kutoka kwenye ile mirija, halafu dawa inasukumwa ndani kwa presha. Zikitoka zinaachwa siku kadhaa, hata wiki, mpaka dawa ishikane na mbao. Ndivyo zinavyotengenezwa nguzo za umeme za mkaratusi huko Mufindi. Pipa lililopasuliwa haliwezi kufanya kazi ya tangi la presha.

Dawa inayotumika zaidi inaitwa CCA, mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki, na ule ukijani wake wa kufifia unatokana na hiyo shaba na kromu. Matapeli wameiba rangi tu. Tena kuna dawa za boroni ambazo hazina rangi kabisa. Zinafaa kwa mbao za ndani zisizonyeshewa, kwa sababu maji huziosha. Kwa hiyo unaweza kukuta mbao nyeupe yenye dawa na ya kijani isiyo nayo. Niliposikia hivyo kwa mara ya kwanza nilicheka kwa uchungu.

Mara ya pili kununua, Februari mwaka huu, nilikwenda na fundi na msumeno wetu wenyewe. Tulichagua mbao moja kutoka katikati ya rundo, si ya juu waliyoiandaa, tukamwambia mwenye ghala tunaikata futi ya sita na tutailipia hata tusipochukua nyingine. Ghala la kwanza walikataa, wakasema tunawaharibia biashara. La pili walikataa kwa upole. La tatu mzee mmoja akasema, "Kateni, mwanangu," akaendelea kunywa kahawa yake. Ndani kulikuwa na rangi ya kufifia kutoka pembeni kuelekea katikati, isipokuwa kwenye kiini cha mti palipobaki peupe. Hapo nusura niondoke, lakini fundi akanizuia: kiini cha paina hukataa dawa hata kwenye presha, na sehemu ya nje ya mti, ile inayopendwa zaidi na wadudu, ndiyo lazima iwe imeingia. Kwa hiyo usimwite kila mtu tapeli kwa sababu ya doa jeupe katikati. Mtilie shaka mwenye uzi wa cherehani pembeni.

Mzee alikuwa pia na karatasi kutoka kiwandani: jina la kiwanda, jina la dawa, tarehe, na kilo za dawa kwa mita ya ujazo. Yule muuzaji wa 2023 alinipa karatasi ya kitabu cha risiti imeandikwa "mbao", bila aina, bila neno dawa. Nilipofika ofisi ya serikali ya mtaa hicho ndicho kilichonikwamisha. Mwenyekiti aliniuliza, "Mama, hapa wameandika wapi kwamba walikuuzia za dawa?" Sikuwa na jibu. Dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi), na usiondoke mpaka aina ya mbao iandikwe.

Fundi wako naye msimamie. Kila anapokata mbao ya dawa ili kuunga kenchi anafungua kichwa kipya, na kichwa hicho kinatakiwa kupakwa dawa kwa brashi kabla ya kupigiliwa. Wengi hawafanyi mpaka usimame pale. Kuna wanaopaka oili chafu ya gari badala yake. Haiingii ndani, inanuka, inachora ramani kwenye jipsamu, na moto ukitokea ni msiba.

Jambo la mwisho ni la wote, waliotapeliwa na wasiotapeliwa. Vipande vinavyobaki vya mbao za dawa visiende jikoni. Aseniki haiungui ikaisha. Sehemu yake inatoka na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu, yale yale tunayosugulia masufuria. Marekani waliacha kutia CCA kwenye mbao nyingi za majumbani tangu mwisho wa 2003, na sisi bado tunachemshia maharage vipande vyake. Na kama ulinunua zile za kijani cha kung'aa, zinazoacha rangi kwenye kitambaa, usiseme hizo ni rangi tu basi zinaungua salama. Mimi sikuambiwa kilichokuwemo kwenye lile pipa, na sidhani kama wale vijana waliokuwa wanachovya mikono mitupu walijua.

Yule muuzaji wa 2023 simu yangu ameizuia. Wiki iliyopita nimepita pale, bango limepakwa upya na lina jina jingine, rundo la kijani liko pale pale. Kama ulinunua mbao barabara ya Chanika kati ya mwanzo wa 2023 na sasa, panda darini na tochi, kata moja katikati ya urefu. Ukikuta nyeupe, hifadhi kipande na risiti yoyote uliyonayo, kisha niandikie hapa chini mwezi ulionunua na idadi. Mwenyekiti amesema tukifika watano atamwita.

Mpaka sasa tuko watatu.