Viza ya matibabu ya India, vile ilivyotuendea mimi na mamangu

Naandika hii kwa sababu wakati naitafuta sikupata mtu wa kunieleza kwa Kiswahili toka mwanzo mpaka mwisho, kila nikiuliza naambiwa "we tafuta ajenti akufanyie". Sisi ni watu wa Mombasa, mamangu ana miaka 68, magoti yote mawili yalikuwa yameisha, ngazi hapandi, swala anaswali kwa kiti, na daktari wake hapa akasema ni kubadilisha tu, dawa zimefika mwisho. Tukaamua India kama walivyofanya majirani wengi kabla yetu. Tuliingia Mumbai mwanzo wa Februari 2025 na tukarudi mwisho wa Aprili.

Nianze na lililo kubwa. Viza yenyewe si ngumu jamani. Fomu unajaza mtandaoni, majibu yanakuja kwa imeili, pasipoti yako haitoki nyumbani. Kinachosumbua ni majina. Kila karatasi uliyoishika inatakiwa iseme jina moja herufi kwa herufi, na sisi watu wa pwani majina yetu mnayajua, kwenye kitambulisho uko hivi, kwenye kadi ya hospitali uko vile, nyumbani unaitwa vingine kabisa.

Websaiti ya kweli ni indianvisaonline.gov.in, na angalieni hapo mwisho, lazima iwe gov.in. Mimi mara ya kwanza nilisaka tu nikabonyeza ya juu, ina bendera ya India, ina rangi zile zile, nikajaza nusu ya fomu, kufika kwenye malipo naona pesa ni karibu mara tatu ya ile aliyoniambia binamu yangu aliyetangulia. Nikafunga. Wako wengi wa aina hio, wanachukua maelezo yako wanaenda kuyajaza kule kule kwenye ya serikali halafu wanakata chao, na muda huo ushawapa namba ya pasipoti na jina la baba na mama. Ada ya kweli inategemea uraia wako na aina ya viza, orodha ya nchi kwa nchi iko humo humo kwenye websaiti, benki nayo inakata asilimia kidogo juu yake, na ukikataliwa pesa hairudi.

Sasa kuhusu aina. Msiende na viza ya utalii kama mnaenda kufanyiwa operesheni, eti kwa sababu ni rahisi. Mgonjwa anaomba e-Medical, na anayemsindikiza anaomba e-Medical Attendant, mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wawili. Mgonjwa ndo anatangulia, kwa sababu kwenye fomu ya msindikizaji unaulizwa namba ya ombi la mgonjwa na pasipoti yake. Mimi nilijaza ya mama saa tatu asubuhi, nikapata namba, kisha nikajaza yangu. Unaweza kuomba mapema mpaka siku 120 kabla ya kufika, na usingoje zikabaki chini ya siku nne. Ukishapewa unaruhusiwa kuingia mara tatu, na unapewa siku 60 za kukaa, zinahesabiwa toka siku unayoingia India mara ya kwanza, kwa hio usiogope kuomba mapema ukifikiri siku zinaliwa ukiwa bado Mombasa.

Kitu cha lazima ni barua ya hospitali ya kule India, yenye nembo yao, inayosema mgonjwa ni nani na anakuja kwa nini. Unawatumia ripoti na eksirei kwa imeili, wanakujibu na makadirio ya gharama na ile barua. Hapa ndo tulipokwama. Mamangu kwenye pasipoti jina lake linaanza na Mwana, kama kina Mwanaisha na Mwanahamisi wote, lakini daktari wa hapa miaka yote anamuandika bila hio Mwana, basi barua ikaja bila Mwana. Mimi nikaona ah, watajua tu ni yeye. Binamu yangu akanipigia usiku ule ule akaniambia dadangu usithubutu, waandikie warekebishe. Nikawaandikia nikiambatanisha picha ya pasipoti, baada ya siku mbili barua ikaja sawa. Na ni vizuri nilifanya hivyo kwa sababu jina hilo hilo liliulizwa tena uwanja wa ndege, likaulizwa mapokezi ya hospitali, na likaulizwa tena tulipoongeza siku, nitafika huko.

Fomu ni ndefu, tulieni. Inataka jina la baba na la mama na walizaliwa wapi, dini, alama ya mwilini (mama nilimuandikia kovu la mkono wa kushoto), nchi ulizotembelea miaka kumi iliyopita, mtu wa kuwasiliana naye nyumbani na mwingine India, wa India tuliweka hospitali. Picha iwe ya mraba, ukuta wa nyuma mweupe, isizidi MB 1. Mama alipigwa mara ya kwanza na ushungi mweupe mbele ya ukuta mweupe, kichwa chote kikapotelea ukutani, tukarudia na mtandio wa bluu, uso wote wazi, ikakubali. Ukurasa wa pasipoti uwe PDF isiyozidi KB 300, skani ya simu yangu ilikuwa kubwa mno, kijana wa saiba pale mtaani akaipunguza kwa dakika mbili. Pasipoti iwe na miezi sita mbele na kurasa mbili tupu.

Kuna swali moja watu wa Mombasa walisome vizuri. Wanauliza kama wazazi wako au babu na bibi zako walikuwa raia wa Pakistani. Hapa kwetu kuna Wabulushi wengi, wamezaliwa Mombasa na baba zao wamezaliwa Mombasa, Pakistani hawajaiona hata kwa dirisha la ndege. Jirani yetu babu yake mzaa mama alikuja na pasipoti ya Pakistani. Mwenye asili hio e-viza, yaani hii ya mtandaoni, haimhusu, anatakiwa aombe viza ya kawaida ubalozini, na inachukua muda mrefu zaidi. Yule mama alisubiri wiki nyingi na mguu unamuuma, roho ilikuwa inaniuma kila nikimpitia barazani. Lakini alisema ukweli kwenye fomu na mimi namheshimu kwa hilo, kwa hio kama ni wewe anza mapema sana, miezi kabla, usikate tiketi kwanza.

Malipo kadi yangu ilikataa mara mbili. Usibonyeze bonyeze kwa hasira, ikikataa zaidi ya mara tatu lile ombi linafungwa na unaanza fomu upya. Niliacha mpaka jioni nikalipa kwa kadi ya kakangu, ikapita. Siku ya tatu nikapata imeili imeandikwa GRANTED, ya mama na yangu zote. Websaiti naipa nne kwa tano, moja naikata kwa sababu ukikaa kidogo bila kugusa inakutoa, kwa hio andika ile namba ya muda wanayokupa mwanzoni kwenye karatasi. Halafu printi kabisa ile ETA, yaani kibali chenyewe kinachokuja kwa imeili, nakala mbili mbili, simu inazima chaji.

Kadi ya manjano sasa. Ukitokea Kenya lazima uwe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na uwe umechanjwa siku kumi au zaidi kabla ya kufika, la sivyo wanaweza kukuweka karantini mpaka siku sita. Fikirieni mgonjwa wa magoti akae siku sita huko. Mimi nilichanjwa upya. Mama alikuwa na kadi yake ya Hijja ya 2012, na ndani imeandikwa mwisho wake ni miaka kumi, basi kila mtu anatuambia imekufa hio. Nikaenda kuuliza Port Health, ile ofisi ya serikali ya afya ya wasafiri, dada wa pale akanieleza toka Julai 2016 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha, chanjo moja inatosha maisha, hata kadi za zamani. Mimi bado nilikuwa na wasiwasi. Kufika Mumbai, kabla hujafika imigresheni kuna meza ya afya, yule afisa akaichukua kadi ya mama, imechakaa, pembe zimekunjika, ina doa la mafuta ya nazi, akaangalia mhuri, akaangalia jina, akalinganisha na pasipoti herufi kwa herufi kwa kidole. Mwana ilikuwepo. Akamrudishia. Nilishusha pumzi mpaka mama akaniangalia.

Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi mpaka Mumbai ni masaa kama sita. Ombeni wilchea wakati wa kubuki, mama alipelekwa mpaka mbele. Wakati ule tulijaza kikaratasi cha kuingilia, lakini kuanzia Oktoba 2025 kinajazwa mtandaoni, e-Arrival Card, ndani ya saa 72 kabla ya kufika, na ni bure, asije mtu akakuuzia. Na kama umebeba hela taslimu za hospitali, noti zikizidi dola 5,000 lazima uzitangaze forodhani. Zitangaze tu, sio kosa kuwa nazo.

Kaunta ya e-viza wanachukua alama za vidole na picha. Mama vidole vyake vimeliwa na miaka ya kukuna nazi na kufua, na juu yake dada zangu walikuwa wamempaka hina ya safari, mashine ikawa haisomi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Foleni nyuma inajaa. Yule afisa hakukasirika hata kidogo, akamwita "mataji", yaani mama, akampa kitambaa chenye maji afute, akamshika mkono taratibu akabonyeza kidole kimoja kimoja, kikakubali. Mama akamwambia "shukriya", neno la filamu za utotoni mwake, yule baba akacheka akagonga mhuri. Mimi tabia hio sitaisahau, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa mambo mengi ya kutisha.

Sasa kuongeza siku. Operesheni ilienda vizuri alhamdulillah, lakini mama ana kisukari na kidonda cha goti la kulia kilichelewa kufunga, daktari akasema hawezi kupanda ndege, na siku 60 zinaisha siku chache tu baada ya Idi. Unaomba kwenye websaiti nyingine ya serikali, indianfrro.gov.in, unaweka pasipoti, viza, barua ya hospitali inayosema anahitaji muda gani, na Form C. Hio Form C ndo iliyonitoa machozi. Sheria ni kwamba kila anayemlaza mgeni, awe hoteli au nyumba ya kupanga, lazima amuandikishe mtandaoni ndani ya saa 24. Mwenye nyumba ya wageni tuliyokuwa tunakaa alikuwa amechukua nakala za pasipoti zetu siku ya kwanza, mimi nikajua kamaliza, kumbe hakuandikisha. Wiki saba! Nikamwambia bhai, mamangu mgonjwa, ukinikwamisha nitaenda wapi. Akafanya siku ile ile, na jina akalikosea, akaikata Mwana. Nikakaa naye mbele ya kompyuta yake nikamtajia herufi moja moja mpaka ikawa sawa. Kwa hio mkifika popote, siku ya pili ulizeni Form C na mpewe nakala yake mkononi, msione haya.

Baada ya hapo hawakutuita ofisini, waliuliza karatasi moja zaidi, kisha wakatuongezea wiki tatu kwa imeili, ya mama na yangu pamoja maana yangu imefungwa kwenye yake. Idi tuliila Mumbai, jamaa mmoja wa hospitali alitupeleka Mohammed Ali Road usiku mmoja wa Ramadhani, mama kwenye wilchea katikati ya harufu ya kebabu na malpua, amefurahi kama mtoto.

Hivi sasa anapanda ngazi zetu mwenyewe, pole pole, na mwezi uliopita nimemuona anasujudu chini. Daktari kule anataka kumuona tena, kwa hio tutaomba viza mpya, ile ya kwanza kazi yake imeisha. Barua ya hospitali ishafika jana, na kitu cha kwanza nilichoangalia ni Mwana, ipo. Mwenye swali aulize hapa, nikiwa na bando nitajibu.