Saa ya kuhesabu hatua, ya shilingi elfu 35: nimekaa nayo barazani, nimepanda nayo Mwanga

Nimeivaa tangu kabla ya masika na sasa mvua zimekata, kwa hiyo nadhani nina haki ya kuisema. Ni ile saa janja nyembamba yenye mkanda wa mpira, isiyo na jina la kampuni linaloeleweka, inayopangwa kwenye meza za vifaa vya simu pale Mwanga, hapa Kigoma mjini, katikati ya chaja na kava. Kijana alianzia elfu 50, tukaishia 35. "Mama, hii inapima mpaka presha," akanihakikishia. Hilo la presha nitalifikia.

Kwanza mjue anayeivaa ni nani. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Ujiji, na ni mzee wa baraza kwenye baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Wengi wakisikia hivyo wanafikiria mambo ya kwenye filamu, wale raia 12 wa Marekani wanaofungiwa chumbani mpaka wakubaliane kama mtu ana hatia. Sisi hatuamui. Sheria ya 2002 inataka mwenyekiti akae na wazee wasiopungua wawili, na wazee watoe maoni yao kabla hajaandika hukumu. Maoni hayo hayamfungi, ila akienda kinyume nayo lazima aeleze kwa nini. Kwa hiyo kazi yetu ni kusikiliza, na kusikiliza ni kukaa. Shahidi wa mpaka haanzii kwenye mpaka. Anaanzia kwa babu yake aliyefyeka pori, anapita kwa wajomba, anahudhuria misiba miwili, ndipo anafika kwenye mchikichi unaogombewa. Huwezi kumkatiza. Magoti nayo hayajui sheria, yanakufa ganzi tu. Daktari alikuwa ameshanionya kuwa sukari inanyemelea, nitembee. Nikataka kitu cha kunionyesha natembea kiasi gani hasa, si kiasi ninachojisifia.

Nianze na ubaya, maana ulinikuta siku za mwanzo kabisa. Mjukuu wangu ndiye aliyeiunganisha na simu, akafurahi: "Bibi, ukiinua mkono inawaka yenyewe, ndiyo uzuri wake." Barazani huo ndio ubaya wake. Mama mmoja mtu mzima alikuwa anaeleza mahali jiwe la mpaka lilipokuwa. Nikainua mkono nishike kalamu, kioo kikawaka, naye akanyamaza. Akanitazama mkononi, akamgeukia mwenyekiti, akasema kwa upole, "Samahani, labda nimewachosha wazee." Hakuna aliyechoka. Lakini mtu aliyesubiri zamu yake ya kusema kwa muda mrefu, akimwona mzee wa baraza ameangalia saa, atasoma nini? Na hata angeniambia amesoma vibaya, ningemjibuje mbele ya wakili wa upande wa pili anayetabasamu?

Halafu kuna mtetemo. Ukikaa muda mrefu saa inatikisika na kuonyesha kijitu kinachonyoosha viungo, yaani inuka utembee. Simu tumezima, sawa, ila saa iko mkononi, mkono uko mezani, na meza ya mbao inaukuza mtetemo ule mpaka karani anageuka kutafuta simu ya nani. Dawa ipo na ni rahisi. Fungua programu yake kwenye simu, ingia sehemu ya vikumbusho, zima cha kukaa. Rudi kwenye mipangilio ya kioo, zima kuwaka kwa kuinua mkono. Tangu hapo inahesabu kimya kimya, na chaji nayo inadumu zaidi. Boksi linasema wiki nzima. Tegemea nusu yake na kidogo.

Sasa kuhesabu kwenyewe. Ndani yake kuna kidude kinachohisi mtikisiko wa mkono, basi. Miguu haioni. Ukishajua hilo utaelewa vituko vyake vyote. Nikitembea mikono huru kwenye barabara tambarare na kuhesabu kwa mdomo hatua mia moja, inasoma tisini na kitu hadi mia na chache, na hapo sina malalamiko. Nikishika mwavuli kwa mkono wenye saa inapunja. Nikibeba beseni kichwani na kulishika kwa mkono uleule, inapunja vibaya sana. Umetoka sokoni na mzigo, jasho linakutoka, yenyewe inadhani umelala. Bodaboda kwenye barabara ya makorongo inakuzawadia hatua ambazo hukutembea. Na kusonga ugali! Nimesimama jikoni palepale, sufuria ya familia nzima, nimemaliza nikakuta nimeongezewa hatua za kutosha kunifikisha kwa jirani na kurudi. Nimeichukulia kama shahidi anayesema kweli kwa ujumla na kutia chumvi pembeni: humtupi, unampima.

Umbali usiuamini kabisa kwa sisi wa Kigoma. Inachukua urefu wako uliouandika, inakisia hatua moja ina ukubwa gani, inazidisha. Kwenye tambarare, sawa. Lakini panda kutoka stesheni hadi Mwanga uone: hatua zinakuwa fupi, pumzi inakata, na yenyewe inaendelea kuhesabu kwa hatua ndefu ya mtu anayetembea bondeni. Mlima wote ule haikupi hata alama moja ya ziada. Mimi naona ni dhuluma.

Jambo lililonifurahisha lilitokea siku ya kwenda kuona eneo. Mashauri mengine baraza linatoka, linakwenda shambani, pande zote zinaonyesha mipaka yao. Sitasema ni shauri gani wala kijiji gani. Mjuao mambo ya vijijini mnajua mashamba mengi yaliuzwa kwa hatua. Hati ya mauziano inasema ekari moja, hatua 70 kwa 70, mashahidi wamesaini, imekwisha. Kijana mmoja wa upande mmojawapo akaniona na saa, akasema, "Mwalimu, hiyo si inahesabu hatua? Tembea nayo, tuamulie." Watu wakacheka, lakini baadhi hawakuwa wanacheka.

Nilikataa, na si kwa adabu tu. Mzee wa baraza hatengenezi ushahidi; anasikiliza uliopo na kuuliza pale asipoelewa. Na hata kama ningeruhusiwa, nimeijaribu nyumbani baadaye, kwenye mgomba hadi mgomba. Ukitembea polepole, unasimama kuruka tuta, unashika khanga isinase kwenye miiba, inaruka hatua nyingi, hasa zile za mwanzo, maana inasubiri mwendo utulie ndipo iamini unatembea. Zaidi ya hayo, tatizo la shamba la hatua 70 halipo kwenye kuhesabu. Lipo kwenye mguu wa nani. Hatua ya mita moja inakupa mita za mraba 4,900, zaidi ya ekari, ambayo ni kama mita za mraba 4,047. Hatua ya bibi kama mimi, sentimita 70 hivi, inakupa 2,401, nusu ekari na ushee. Mnunuzi mrefu, muuzaji mfupi, na miaka 20 baadaye sisi tumekaa tunasikiliza. Saa hii haitalitatua hilo, nunueni tepu au mwiteni mpima.

Lengo la hatua 10,000 unalikuta limeshawekwa. Nililibadilisha siku ya pili. Namba hiyo ilipata umaarufu Japani mwaka 1965, kampuni ilipouza kipima hatua kilichopewa jina la hizo hatua elfu kumi. Ilikuwa ya kuuzia, si ya hospitali. Utafiti wa I-Min Lee wa Harvard na wenzake uliochapishwa 2019 uliwafuatilia wanawake zaidi ya 16,000 wa Marekani, wastani wa umri miaka 72. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea 2,700, na faida ikaongezeka mpaka karibu 7,500, kisha ikatulia. Siku ya baraza mimi nilikuwa naishia elfu mbili na kitu. Sasa nashuka daladala mapema, na mapumziko ya chai nazunguka uwanja badala ya kukaa tena. Lengo langu 5,000. Siku nyingi nalifikia, siku ya hukumu silifikii.

Presha: niliifunga kwenye chupa ya maji, ikanisomea 118 kwa 76. Chupa. Nendeni zahanati mkafungwe mkanda wa kweli.

Programu yake haina Kiswahili, na inaomba ijue ulipo na majina yote kwenye simu yako. Nilikataa yote mawili na hatua zinahesabiwa vilevile.

Nyota tatu na nusu. Mkanda wa ziada ni elfu tano kwenye meza ileile. Chukueni mweusi, mweupe mawese yanaumaliza wiki ya kwanza.